Mashuka Yangu na Ndege ya Leta

Ukipita Kalembe leo na kuuliza ile ndege ya Leta, yaani ya serikali, iliangushwa na nini, watu wote watakujibu neno moja: mawingu. Wazee watasema mawingu, watoto waliozaliwa juzi watasema mawingu, na rapore ya Leta yenyewe, ile taarifa ya ajali, kama panya hawajaimaliza, inasema mawingu. Waache. Mimi nimezeeka, waliokuwa na haki ya kunifunga wameshazikwa, na sasa ninaweza kusema bila kutetemeka: ile ndege iliangushwa na mashuka yangu mawili. Mashuka ya arusi.

Na kabla hujaniita mchawi, ngoja kwanza nikueleze habari ya mchanga.

Niliolewa Kalembe miaka ya vita, wakati waasi walikuwa wanatokea msituni upande wa Walikale na askari wa Leta wanateremka kutoka Masisi. Sisi watu wa shamba tulikuwa katikati, tukisalimia kila mwenye bunduki kwa heshima ileile. Kwetu ni milimani, karibu na Lushebere, na kule tulikula viazi, mahindi na maharagi. Mihogo nilikutana nayo kwenye ndoa. Hakuna aliyenifundisha. Niliambiwa tu: loweka, anika, twanga. Basi nililoweka mtoni siku nne, nikaanika chini mbele ya nyumba kama nilivyoanika maharagi kwetu, nikatwanga, nikapika bugali. Mama mkwe alitia tonge la kwanza mdomoni, akasimamisha taya.

"Mukamwana," akasema, "ulitwanga mihogo ao ulitwanga barabara?"

Nyumba nzima ilicheka. Bwana yangu hakucheka, lakini alifanya vibaya zaidi. Alikuwa mtu mtaratibu. Alitafuna polepole, akatoa punje ya mchanga kwa vidole viwili, akaiweka pembeni ya sahani. Kisha nyingine. Akazipanga. Siku ya pili hivyohivyo, siku ya tatu hivyohivyo, na siku ya nne akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya mvua: "Mawe ya leo iko kubwa kuliko ya jana." Nilitoka nje, nikaenda kulia kwenye migomba. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, na ukitaka kujua nilimtukana pia, ila polepole ili migomba tu isikie.

Kumbe kila mwanamke wa Kalembe anaanika mihogo juu ya mkeka ao juu ya mwamba. Mikeka ya mama mkwe ilikuwa yake, miamba ilikuwa na wenyewe tangu zamani. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na mashuka mawili ya amerikani, meupe pee, aliyonipa mama yangu siku ya arusi. Nikajiambia, mtaona. Nitaanika mihogo juu ya mashuka kama mihogo ya askofu.

Hapo njo Leta ilipoingia katika habari ya bugali yangu.

Askari walikuwa wamefyeka kiwanja kidogo upande wa Kibua ili ndege ya Leta iwaletee dawa. Jumapili, baada ya maombi, katekista alisimama akatangaza: ndege itakuja Alhamisi. Rubani ataona vitambaa vyeupe vilivyotandikwa chini, kimoja kirefu na kingine kimelazwa kwa upana kwenye ncha yake, kama herufi T, na pembeni yake moto wa moshi. Hiyo njo alama ya kutua. Kwa hiyo, siku ya Alhamisi, mtu yeyote asianike nje kitu cheupe. Hata kitambaa cha mtoto. Hata shati la misa.

Nilisikia. Nilikuwa mstari wa pili, sikuwa na mtoto wa kunililia, nilisikia kila neno. Lakini nikuulize: tangu lini Leta ikasema Alhamisi na ikaja Alhamisi? Ndege hiyohiyo ilikuwa imetangazwa mara mbili. Mara zote mbili tuliingiza kila kitu cheupe, tukakaa na kutazama juu siku nzima mpaka shingo zikauma, na tulichokiona ni mwewe. Mwewe mmoja, akachukua kifaranga cha mama mkwe, akaenda zake.

Alhamisi hiyo kulikucha na jua. Kumbuka mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mihogo yangu ilikuwa imefika siku ya tano majini na harufu yake ilikuwa inapanda mpaka barabarani. Siku moja zaidi, ningetupa yote. Mama mkwe alipita na jembe begani, akaangalia jua, akaangalia kikapu changu, akaniangalia mimi.

"Jua kama hii," akasema, "na bibi ya mutoto wangu anakaa anangoja ndege."

Akaenda. Hakuniambia anika. Lakini hakuniambia usianike.

Mahali pa tambarare Kalembe ni pachache. Pale kwetu palikuwa na mahali pamoja tu: shamba la bwana yangu chini ya nyumba, tulilotoka kuvuna viazi vitamu, matuta yake bado hayajasawazishwa. Nilitandika shuka la kwanza kwa urefu. Mwisho wake kulikuwa na kisiki, basi la pili nikalilaza kwa upana mbele ya kisiki. Nikamwaga mihogo, nikaitawanya vizuri kipande kwa kipande, nikarudi nyuma kuiangalia. Ilipendeza, Yesu wangu! Nikasema kwa sauti: "Kesho mtu atafute jiwe kwenye bugali yangu, tuone!"

Saa nne hivi nikasikia ngurumo. Nilidhani mvua inarudi, nikakimbia kuokoa mihogo. Haikuwa mvua. Ndege ya Leta, kwa mara ya kwanza tangu Leta iumbwe, ilikuwa imekuja siku iliyosema.

Ilipita juu yetu kuelekea Kibua. Upande ule wa Kibua mawingu yalikuwa yamelala mpaka chini, huoni mlima wala bonde. Tuliisikia ikizunguka mle ndani, ikizunguka, halafu ikatoka ikarudi upande wetu, upande wenye jua. Nikaiona inainamisha bawa moja kama mtu anayechungulia. Hapo njo akili ilinirudia. Nikaangalia chini. Shuka moja refu. Shuka moja limelikata kwa juu. Na pembeni, moshi wa jiko letu.

Mama weh!

Nilishika ncha ya shuka nikavuta. Shuka halikuenda, lilikuwa limebeba mihogo ya mwezi mzima. Nikaliacha, nikaanza kupunga mikono yote miwili: toka, toka, toka hapa! Nilirukaruka, nilipiga kelele, nilivua kitambaa cha kichwa nikakipungia. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba rubani aliniona vizuri sana. Alifurahi, akaona anapokelewa.

Nikakimbia kwenye migomba, ileile ya kulilia. Magurudumu yaligusa tuta la kwanza, ndege ikaruka. Yakagusa la tatu, ikaruka tena. Ikapita juu ya mihogo yangu, bawa likakutana na kisiki, na pua ikaingia kwenye matope mpaka shingoni. Mkia ukabaki juu kama bata anayetafuta chakula chini ya maji. Kisha kimya. Hata kuku walinyamaza.

Watu wakatoka kila upande. Bwana yangu njo alifika wa kwanza, akavunja kioo kwa jembe, akamtoa rubani. Alikuwa muzungu wa kukodiwa na Leta, mwekundu, mkono umevunjika, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alikuwa anaonyesha tumbo la ndege na kusema: "Nzito! Nzito sana!" Tulidhani anasema habari ya mkono wake. Tukamwambia pole.

Halafu wakafungua tumbo la ndege. Dawa zilikuwemo, siwezi kuwasingizia: katoni mbili, ndogo, pembeni kabisa, zimebanwa kama watoto wa mke wa kwanza. Mzigo mwingine wote ulikuwa makasha ya mbao yenye bia. Bia ya chupa! Na kila kasha lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nilisoma miaka minne kwa masista, kwa hiyo mimi njo niliwasomea: KWA KOMANDA, MASISI.

Tulifanya kama Wakristo. Rubani tulimbeba kwa machela mpaka kwa wauguzi wa misheni, bwana yangu akiwa mbele, na katoni mbili za dawa zikafuatana naye, hata kidonge kimoja hakikupotea. Zile chupa zilikuwa zimepigwa na jua, tukaogopa zisije zikaharibika. Kalembe nzima ilisaidia. Mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki safi mwenye duka la chumvi na mafuta hapo barabarani, alifanya kwanza ishara ya msalaba, kisha akasaidia kuliko wote, na chupa tupu akazikusanya za kutilia mawese. Mama mkwe hakunywa. Alichukua mbao za kasha moja akatengenezea mlango wa kibanda cha kuku, kwa sababu ya yule mwewe.

Nilicheka siku hiyo, sitakuficha. Kesho yake sikucheka.

Komanda, mkubwa wa askari wa Masisi, alikuja yeye mwenyewe na watu wake. Alikuwa mnene, buti safi, macho hayatulii. Aliingia kwenye tumbo la ndege, akatoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Hakuuliza kuhusu bia. Angeuliza vipi? Kwenye karatasi ndege ilikuwa na dawa tu. Alitembea shambani mpaka akafika kwenye mashuka yangu, akayasukuma kwa kidole cha buti.

"Alama," akasema. "Waasi walitandika alama ya bongo, ya kudanganya. Shamba ya nani hii?"

"Yangu," akasema bwana yangu.

"Na mashuka ya nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na kabla neno halijatoka alinikanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Bado nina kovu kwenye kidole. Akasema, kwa sauti ileile ya kuhesabu mawe: "Yangu pia. Minaanikaga mihogo mimi mwenyewe. Bibi yangu hajue kuanika."

Wakamfunga mikono. Mashuka wakayakunja na mihogo mingine ndani yake, wakayabeba kama ushahidi. Mimi nilibaki shambani na mguu unatoa damu, na nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba miaka ile mwanaume aliyechukuliwa na neno "waasi" juu ya kichwa chake hakuwa akirudi. Hapana kesi, hapana kaburi. Na alikuwa ametwaa kosa langu mbele ya macho yangu, mtu niliyemtukana kwenye migomba.

Siku tatu sikuweza kula. Siku ya nne mfanyabiashara wa Butembo alirudi na lori lake kutoka Masisi na habari: bwana yangu yuko kasho, yaani jela ya Komanda, bado mzima. Muzungu mwingine, fundi wa ndege, ametumwa na wakubwa wa Leta kutafuta sababu ya ajali. Rapore itaandikwa keshokutwa. Ikiandikwa waasi, basi.

Nilienda kwenye kibanda cha kuku nikaanza kung'oa mlango.

"Weye!" mama mkwe akapiga kelele. "Unafanya nini na mulango ya kuku yangu?"

"Minaenda kuchukua mutoto yako, Mama."

Akaniangalia. Akaangalia yale maandishi mekundu, ambayo hakujua kuyasoma lakini alikumbuka nilivyoyasoma. Halafu akainama, akashika upande wa pili wa ubao, akavuta.

Mfanyabiashara njo alikuwa mgumu. "Mama, unataka tuende sisi benyewe kusema tulikunywa bia ya Komanda?"

"Njo vile," nikamwambia. "Nipe chupa."

"Niko na familia."

"Na mimi nilikuwa nayo mpaka wiki iliyopita. Nipe chupa, ao nitawaambia nani alikunywa mingi."

Alitupatia chupa, na lori pia. Tulipanda juu ya magunia, mama mkwe na mimi, ubao kati yetu, chupa chini ya kabichi. Kila penye barabara mbovu zililia kama kengele za misa. Tulipopita Lushebere niliona paa la kwetu, na nilitaka kushuka nikajifiche kwa mama yangu, nasema kweli. Mama mkwe aliona nilichotazama. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka Masisi.

Ofisi ya Komanda ilikuwa na baraza pana na watu wengi wanangoja mambo yao. Madirisha yote yalikuwa wazi ingawa ilikuwa baridi. Nilijua sababu nilipofika mlangoni: mashuka yangu yalikuwa mezani, karibu wiki nzima yamefungwa na mihogo ya majimaji, na harufu ilikuwa ya kumfufua maiti. Fundi muzungu alikaa na kitambaa puani. Karani alikuwa na kalamu mkononi. Komanda alikuwa anamtamkia maneno ya kuandika.

"Papa Komanda," nikasema kwa unyenyekevu mkubwa, "tulikuja kutubu."

"Kutubu nini?"

"Tulikunywa dawa ya Leta."

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ameshaanza. Alitoa chupa moja kikapuni, akaipanga barazani. Ya pili pembeni yake. Ya tatu. Alizipanga moja moja, kwa mstari, taratibu, kama mwanawe alivyopanga mawe yangu pembeni ya sahani. Watu wa barazani wakasogea kuangalia.

"Sisi bantu ya shamba hatujue," nikaendelea. "Tuliambiwa ndege inaleta dawa. Tulikuta hizi, tukasema njo dawa. Tulikunywa, tukapona. Lakini roho inatusumbua, Papa. Tunaomba utuandike mu rapore, chupa zote, na huu ubao iliyoandikwa jina ya mwenye dawa."

Nikageuza ubao. Ulikuwa bado na mavi ya kuku, lakini herufi zilisomeka vizuri kabisa. Karani alizisoma, akatazama dari.

Fundi muzungu akashusha kitambaa. "Nini? Anasema nini?" akauliza kwa Kifaransa, ambacho masista walinifundisha kidogo.

Mimi nilimwangalia Komanda. Komanda aliniangalia mimi. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake. Kulikuwa na njia mbili tu pale, na moja ilikuwa anitie risasi mimi, mama mkwe na kuku wote wa Kalembe. Nje, chupa nyingine iligusa saruji: tin. Mama mkwe hakuwa na haraka.

"Anasema," akajibu Komanda polepole, "siku ile ilikuwa na mawingu."

"Mawingu?"

"Mawingu mingi," nikasema mimi. "Mingi sana, Papa."

"Na mashuka?" akauliza fundi.

Mama mkwe alikuwa ameingia. Hakuelewa Kifaransa, hakuelewa rapore, lakini kidole cha muzungu kilikuwa kinaonyesha mashuka, na jambo hilo alilijua. Alichukua ncha ya shuka akamsogezea puani. "Mihogo," akamwambia. "Bibi ya mutoto wangu hajue kuanika."

Yule fundi alikohoa mpaka machozi yakatoka, akafanya ishara kwamba inatosha. Karani akaandika. Nilimwona anaandika. Ni neno fupi tu.

Walimfungua bwana yangu mchana huohuo. Alitoka na ndevu, shati limechanika, anachechemea. Alituona mama yake na mimi tumesimama na kikapu kitupu, akauliza: "Mulikuja na nini?" Tukasema, na lori. Hakuuliza zaidi. Tulipanda, na njiani nilimwomba msamaha, nikamwambia yote, mpaka matusi ya kwenye migomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu kama kidole cha mguu kimepona.

Mashuka hayakurudi. Yalibaki kwenye dosie, faili ya Leta, na kama yako huko mpaka leo, nawaonea huruma makarani. Basi tulipofika Kalembe sikuwa na shuka, sikuwa na mwamba, na mikeka ya mama mkwe ilikuwa imejaa mihogo yake. Nilianika iliyobaki chini, mbele ya nyumba, kama zamani. Ilipokauka nikatwanga. Nilipika jua likiwa linatua, nikamwekea bwana yangu bugali na sombe ya majani ya mihogo, nikakaa kando na mkono kwenye shavu.

Alitia tonge mdomoni. Sote tulisikia: kra. Mama mkwe akaacha kula. Mimi nikaangalia vidole viwili vya bwana yangu, nikingoja viinuke kwenda mdomoni.

Havikuinuka. Alitafuna. Kra, kra, kama mtu anayetembea barabarani. Alitafuna yote, akameza, macho yakatoa maji kidogo, akanyoosha mkono kuchukua tonge la pili.

"Bugali ya leo," akasema, "haina hata jiwe moja."

Muongo mkubwa yule. Alisema hivyohivyo kila siku mpaka siku aliyokufa, na tulimzika na meno manne. Jioni ile mama mkwe alinitazama, akafuta mdomo, na asubuhi nikakuta mkeka wake mmoja umekunjwa mlangoni kwangu. Lakini hiyo ni asubuhi. Jioni ile nilisimama tu, nikamwongezea bwana yangu bugali, kipande kikubwa, na akakila chote.